Ozoni Kwenye Tundu la Gego: Inaponya au Inakula Bumu?

Kuna mambo matatu yanayomfika mwanafunzi wa chuo bila kubisha hodi: supp, bumu kuchelewa, na gego la mwisho. Mawili ya kwanza tunayajadili kila siku kwenye vimbweta. La tatu hatulijadili mpaka lituamshe saa nane usiku, shavu limejaa kama mtu aliyeweka andazi zima mdomoni.

Gego la mwisho, lile ambalo wengine wanaliita jino la hekima, kwa kawaida huchomoza kati ya umri wa miaka 17 na 25. Yaani umri wetu kabisa. Kuna ambao linawatoka kimya kimya, hawajui hata lilikuja lini. Kuna ambao taya halina nafasi, basi jino linalala upande, linamsukuma jirani yake, linatoka nusu na nusu nyingine inabaki chini ya fizi. Hapo chakula kinanasa, fizi inavimba, usaha unakusanyika, na safari inaishia kwenye kiti cha daktari wa meno.

Siku hizi, ukianza kutafuta kwenye simu namna ya kupona haraka baada ya kung'olewa gego, haichukui muda kabla hujakutana na neno "ozoni". Kliniki binafsi za nchi mbalimbali zinatangaza: unapuliziwa gesi kwenye kidonda kwa sekunde chache, maumivu yanakatika, uvimbe unashuka, wadudu wanakufa, huhitaji dawa nyingi. Picha ni nzuri, mashine inang'aa, mgonjwa anatabasamu. Bei yake huwa haipo kwenye tangazo.

Makala hii inajibu maswali matatu. Hiyo ozoni ni kitu gani? Inafanya nini hasa kwenye tundu la jino? Na je, ni kitu cha kutolea pesa ya kula? Kwa wale wenye haraka, jibu fupi ni hili: ozoni inaweza ikapunguza maumivu kidogo, ushahidi wake bado ni mwembamba, na haiwezi kuchukua nafasi ya mambo ya bei ndogo ambayo ndiyo yanayolinda kidonda. Kwa wale wenye muda, twende taratibu.

Kwanza, tundu linaponaje?

Huwezi kupima dawa kama hujui inachotakiwa kukisaidia. Jino likitoka, linaacha tundu kwenye mfupa wa taya. Tundu linajaa damu, na damu ile inaganda. Hilo bonge la damu ndilo kila kitu. Linafunika mfupa na mishipa ya fahamu kama kifuniko cha chungu, na ndani yake ndimo nyama mpya zinapoanza kuota. Katika wiki ya kwanza bonge linabadilishwa polepole na nyama laini. Wiki chache baadaye fizi inakuwa imefunga juu. Mfupa wenyewe unaendelea kujijaza chini kwa chini kwa miezi kadhaa, wewe ukiwa umeshasahau.

Uvimbe kwa kawaida unafika kileleni siku ya pili au ya tatu, halafu unaanza kushuka. Hili watu wengi hawaambiwi. Mtu anaamka siku ya pili, anajiona kwenye kioo, anadhani mambo yameharibika, anakimbilia duka la dawa. Kumbe mwili unafanya kazi yake. Taya nalo linaweza kukaza, ukashindwa kufungua mdomo vizuri kwa siku kadhaa. Hilo nalo ni la kawaida likiwa linapungua siku hadi siku.

Tatizo linaloogopwa zaidi linaitwa tundu kavu. Hapo bonge la damu limeng'oka au limeyeyuka kabla ya wakati wake, na mfupa umebaki wazi. Maumivu yake hayafanani na yale ya kawaida: yanaanza kati ya siku ya kwanza na ya tatu baada ya kung'olewa, wakati ulitegemea nafuu, yanapanda mpaka sikioni, na mdomo unatoa harufu mbaya. Kwa meno ya kawaida, tundu kavu linatokea kwa watu wachache tu, karibu 1 hadi 5 katika kila 100. Kwa magego ya mwisho ya chini, hasa yaliyong'olewa kwa upasuaji, kiwango kinapanda sana, na baadhi ya ripoti zinafika hadi 30 katika 100. Sigara inaongeza hatari hiyo. Vidonge vya uzazi wa mpango navyo vinahusishwa nayo, na vilevile jino lililosumbua sana kutoka.

Kwa hiyo, dawa yoyote inayodai kusaidia kupona baada ya kung'oa gego inabidi tuihoji hivi: inapunguza maumivu? Inapunguza uvimbe? Inasaidia taya kufunguka? Inazuia tundu kavu na maambukizi? Maswali hayo yaweke mfukoni, tutayahitaji.

Ozoni ni ile ile ya Jiografia

Ndiyo, ni ile ile. Oksijeni tunayovuta ina atomu mbili zilizoshikana. Ozoni ina tatu. Ile atomu ya tatu haijatulia, inatafuta mahali pa kwenda, na ikikutana na kitu kingine inakiunguza kikemia, yaani inakioksidisha. Huko juu kwenye tabaka la ozoni, tabia yake inatufaa kwa sababu gesi hiyo inazuia sehemu kubwa ya mionzi mikali ya jua. Huku chini tunapoishi, ozoni ni uchafu wa hewa unaokera mapafu. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha mikrogramu 100 kwa kila mita moja ya ujazo ya hewa, kwa wastani wa saa nane.

Aliyeitambua na kuipa jina ni mkemia Christian Friedrich Schönbein, akiwa Basel, Uswisi, mwishoni mwa miaka ya 1830. Alikuwa akipitisha umeme kwenye maji, akasikia harufu ya ajabu. Jina lenyewe linatokana na neno la Kigiriki lenye maana ya kunusa. Kama umewahi kusimama karibu na mashine kuukuu ya fotokopi iliyofanya kazi mfululizo kipindi cha kuwasilisha ripoti za utafiti, ile harufu kali inayochoma pua kidogo, hiyo ndiyo.

Ozoni haihifadhiki kwenye mtungi ikasubiri mgonjwa, maana inavunjika yenyewe na kurudi kuwa oksijeni ya kawaida. Ndiyo maana kliniki inayoitumia lazima iwe na mashine ya kuitengeneza palepale: oksijeni inapitishwa kwenye cheche za umeme, molekuli zinavunjika, nyingine zinaungana upya zikiwa na atomu tatu. Kinachotoka ni mchanganyiko wa oksijeni nyingi na ozoni kidogo.

Kwenye meno hutumika kwa namna tatu. Ya kwanza ni gesi yenyewe, inayopelekwa kwenye kidonda kwa kifaa maalumu, mara nyingi pamoja na kinyonyeo cha kuzuia gesi isisambae mdomoni. Ya pili ni maji yaliyopitishiwa ozoni, ya kuoshea tundu. Ya tatu ni mafuta, kwa mfano ya zeituni, yaliyopitishiwa gesi hiyo na kupakwa.

Mantiki yake, na pale inapokwama

Mantiki ya ozoni inaeleweka, na haifai kuibeza. Bakteria wana utando unaoshambulika kwa urahisi na vitu vinavyooksidisha. Ozoni inautoboa, bakteria anakufa. Hilo linajulikana kiasi kwamba kuna miji mikubwa inayosafisha maji ya kunywa kwa ozoni. Wanaoitetea wanaongeza kwamba dozi ndogo inaushtua mwili uongeze ulinzi wake, damu ipite vizuri zaidi kwenye kidonda, na kemikali zinazoleta maumivu zipungue.

Sasa tofautisha bomba la maji na mdomo wa mtu. Kwenye bomba, ozoni inakutana na bakteria. Kwenye tundu la jino inakutana kwanza na damu, mate, na nyama zilizojeruhiwa, na vyote hivyo vimejaa vitu vinavyoimaliza nguvu kabla haijafika mbali. Halafu kidonda cha mdomoni hakiwezi kubaki bila bakteria. Hata ukiwafyeka wote leo saa nne asubuhi, jioni wamesharudi, kwa sababu mdomo ndio nyumbani kwao. Kwa hiyo kusema "inaua wadudu" hakutoshi. Swali ni kama mgonjwa anapata nafuu inayopimika.

Walioijaribu waliona nini?

Habari ya ozoni kwenye meno si ya jana. Daktari wa meno Edward Fisch alikuwa akitumia maji ya ozoni tangu miaka ya 1930. Mmoja wa wagonjwa wake alikuwa daktari wa upasuaji, Erwin Payr, ambaye baada ya kutibiwa akawa mpiga debe wake mkubwa. Lakini mgonjwa mmoja aliyeridhika, hata awe profesa, ni ushuhuda. Utafiti ni kitu kingine.

Tuchukue utafiti mmoja mzuri uelewe mambo yanavyopimwa. Mwaka 2014 madaktari wa Uturuki walichapisha matokeo ya wagonjwa 60 waliokuwa na magego ya mwisho ya chini pande zote mbili, yakiwa yamenasa kwenye taya. Upande mmoja uliopatikana kwa bahati nasibu walipewa ozoni baada ya upasuaji. Upande wa pili walishikiwa kifaa kile kile, ila kimezimwa. Hapo kila mtu analinganishwa na nafsi yake: mwili ule ule, uvumilivu ule ule, daktari yule yule.

Matokeo? Maumivu yalipungua upande wa ozoni, na wagonjwa walieleza kwamba siku zao zilikuwa nyepesi zaidi. Lakini uvimbe haukuwa na tofauti ya maana. Taya kukaza, vilevile. Timu hiyo ililinganisha pia ozoni na leza ya nguvu ndogo. Leza ilisaidia uvimbe na kufunguka kwa mdomo, ozoni ikabaki kwenye maumivu tu.

Rudi sasa kwenye yale maswali uliyoweka mfukoni. Maumivu: labda ndiyo, kiasi. Uvimbe: hapana. Taya: hapana. Tundu kavu: kuna tafiti ndogo zinazodai linapungua, lakini wagonjwa wake ni wachache mno kujenga uhakika juu yake. Tangazo la kwenye simu linajibu "ndiyo" kwa yote manne.

Kuna udhaifu mwingine ambao mtu yeyote aliyesoma kozi ya mbinu za utafiti atauona. Ozoni ina harufu, na mashine inayofanya kazi haifanani na iliyozimwa, kwa hiyo ni vigumu kuhakikisha mgonjwa hajui amepewa nini. Maumivu hupimwa kwa kumuuliza mgonjwa mwenyewe ajipe alama. Ukiweka hayo mawili pamoja, unaelewa kwa nini kipimo cha maumivu ndicho rahisi kuathiriwa na imani, wakati uvimbe, unaopimwa kwa utepe, haudanganyiki kirahisi. Haimaanishi nafuu ile ilikuwa ya uongo. Inamaanisha bado tunahitaji tafiti kubwa zaidi kabla ya kupiga vigelegele.

Na tumeshaona filamu hii. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ozoni ilivuma Uingereza kama tiba ya meno yanayooza: hakuna kuchimba, unapuliziwa gesi tu. Mwaka 2005 taasisi ya NICE, inayoshauri huduma ya afya ya umma ya nchi hiyo, iliupitia ushahidi na kutamka kwamba teknolojia ile isitumike kutibu kuoza kwa meno isipokuwa ndani ya tafiti zilizopangwa vizuri. Kuoza si sawa na kidonda cha kung'oa, lakini somo ni lile lile: mvumo ulitangulia, ushahidi ukaja nyuma na ulipofika haukutosha.

Msimamo wa nchi unatofautiana. Uturuki imeiingiza ozoni kwenye kanuni zake za tiba asili na tiba saidizi za mwaka 2014. Marekani iko upande wa pili kabisa: kanuni za mamlaka yake ya chakula na dawa, FDA, zinaitaja ozoni kuwa gesi ya sumu isiyo na matumizi ya kitabibu yanayojulikana kuwa na faida, na zinaeleza kwamba kiwango cha kuua vijidudu ni kikubwa kuliko kile ambacho binadamu anaweza kukistahimili kwa usalama. Ukiona nchi mbili zenye madaktari wazuri zinapishana hivyo, ujue hoja haijafungwa.

Ina madhara?

Ikitumiwa na daktari wa meno aliyefunzwa, kwa sekunde chache, kwenye sehemu ndogo, na gesi ikinyonywa vizuri, hatari ni ndogo. Kinachotisha ni kuivuta. Ozoni inachoma njia ya hewa, inaleta kikohozi na kifua kubana, na kwa mwenye pumu inaweza kuamsha shambulio. Kama una pumu, mwambie daktari kabla mashine haijawashwa.

Hata wataalamu wanaoitumia wana orodha ya watu wasiotakiwa kupewa. Humo wamo wajawazito, wenye tezi la shingo linalofanya kazi kupita kiasi, na wenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD. Hilo la mwisho tulisikilize sisi. Upungufu wa G6PD ni wa kurithi, na uko zaidi kwenye maeneo yenye historia ndefu ya malaria, ukanda wetu ukiwemo. Chembe nyekundu za damu za mtu mwenye upungufu huo zinapasuka kirahisi zikikutana na vitu vinavyooksidisha. Kwa puto la gesi la sekunde chache kwenye fizi hatari inaweza kuwa ndogo, lakini kliniki isiyouliza kabisa inakuonyesha namna inavyofanya kazi zake.

Na hili liandikwe kwa wino mwekundu: mashine za ozoni za kununua mtandaoni, zile za kusafishia chumba au maji, si za kuweka mdomoni. Chumba cha hosteli chenye vitanda vinne na dirisha moja si mahali pa kutengenezea gesi ya sumu.

Vitu vya bei ndogo vyenye ushahidi

Hapa ndipo penyewe. Mtu anaweza kuuliza gharama ya ozoni wiki nzima, na hajawahi kuuliza habari ya chumvi.

Chumvi na maji ya uvuguvugu. Watafiti wa Nigeria walichukua wagonjwa 120 waliong'olewa meno, wakawagawa makundi matatu: wa kusukutua mara sita kwa siku, wa mara mbili, na wasiosukutua kwa maji ya chumvi. Waliosukutua walipata tundu kavu kwa kiwango kidogo kuliko wasiosukutua, na mara mbili ilifanya kazi sawa na mara sita. Nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye glasi ya maji ya uvuguvugu kinatosha. Muhimu: anza baada ya saa 24, si siku ile ile. Na usisukutue kwa fujo kama unasafisha dumu. Weka maji mdomoni, inamisha kichwa huku na huku, halafu yaache yadondoke kwenye sinki bila kuyatema kwa nguvu.

Dawa ya kusukutua ya klorheksidini. Mapitio makubwa ya tafiti yameonyesha kwamba ikitumika kabla na baada ya kung'oa, au jeli yake ikiwekwa kwenye tundu, inapunguza uwezekano wa tundu kavu. Inapatikana kwenye maduka ya dawa. Muulize daktari wako aina na muda wa kuitumia.

Dawa za maumivu zilizopangwa vizuri. Tafiti zilizofanywa kwa watu waliong'olewa magego ya mwisho zimeonyesha kwamba ibuprofeni na paracetamoli zikitumika pamoja zinatuliza maumivu kuliko moja peke yake. Zianze kabla ganzi haijaisha, usisubiri uanze kulia. Paracetamoli isizidi vidonge 8 vya miligramu 500 kwa siku. Mwenye vidonda vya tumbo, pumu, au matatizo ya figo asiguse ibuprofeni bila kuongea na daktari. Na asprini haiwekwi juu ya fizi, inaunguza. Unameza au unaacha.

Barafu ya shavuni siku ya kwanza, dakika kama 15 unaweka, 15 unapumzika, ikiwa imefungwa kwenye kitambaa.

Antibayotiki si lazima kila mara. Mapitio ya mwaka 2021 yalikadiria kwamba watu karibu 19 wenye afya njema wanapaswa kumeza antibayotiki ili mmoja tu aepuke maambukizi. Wengine 18 wanameza bure, na bakteria wanajifunza usugu. Daktari akikuandikia, maliza dozi. Asipokuandikia, usijiandikie mwenyewe kwa muuza duka.

Halafu kuna kulilinda bonge la damu, ambako hakuna bei kabisa:

- Ng'ata pamba au kitambaa cha hospitali kwa nusu saa hadi saa moja, bila kukitoa kuchungulia kila dakika.
- Usitumie mrija, iwe soda au juisi ya miwa. Ule mvuto unaweza kuling'oa bonge.
- Usiteme mate hovyo. Meza.
- Sigara na shisha zikae pembeni angalau siku tatu, na ukiweza wiki nzima.
- Kula vitu laini vilivyopoa: uji, mtori, ndizi za kuponda, supu. Chipsi kavu, karanga na mishikaki vitakusubiri.
- Piga mswaki meno mengine kama kawaida, lizunguke tundu kwa upole.
- Usichokonoe tundu kwa ulimi, kidole, wala kijiti.

Na panga ratiba. Kama jino halina dharura, usiling'oe wiki moja na UE. Siku ya pili na ya tatu ndizo za uvimbe mkubwa, na hakuna msimamizi wa mtihani atakayekuongezea muda kwa sababu ya shavu.

Kabla hujalipa, uliza

Hebu mchukue mwanafunzi wa mwaka wa tatu. Gego limeng'olewa, ganzi bado iko mdomoni, anaongea kama mlevi, na anaambiwa: "Ukiongeza huduma ya ozoni utapona haraka." Katika hali hiyo mtu anaweza kusaini chochote. Ndiyo maana maswali haya yaulizwe kabla ya kukaa kwenye kiti.

Uliza: "Daktari, ozoni itanisaidia nini hasa: maumivu, uvimbe, au tundu kavu?" Akijibu "yote", endelea kuuliza. Uliza kama bima yako inalipia, maana kama hailipii, hiyo ni pesa yako ya mkononi. Uliza nisipoifanya kutatokea nini. Daktari mkweli atakwambia utapona tu, maana watu wengi mno wamepona bila hiyo. Uliza gesi inanyonywaje isiingie kifuani. Na mweleze kama una pumu, ujauzito, au ndugu wenye G6PD.

Kuna swali jingine linalotangulia yote hayo: hili gego ni lazima litoke? Ile ile NICE ya Uingereza, kwenye mwongozo wake wa mwaka 2000, ilisema gego la mwisho lililonasa lakini lisilo na ugonjwa lisiondolewe kwa tahadhari tu. Linaloleta maambukizi ya kurudiarudia, lililooza, au linaloharibu jirani yake, hilo litoke. Lililolala kimya linaweza kuachwa na kuangaliwa. Jino ambalo halikung'olewa halihitaji ozoni.

Daktari akikueleza yote hayo kwa uwazi, bei ikawa ndogo, na wewe unaimudu bila kulala njaa, basi hakuna anayekuzuia. Umefanya uamuzi ukiwa na macho. Lakini kama ni kuchagua kati ya ozoni na kununua dawa za maumivu, klorheksidini, na nauli ya kurudi kliniki kuangaliwa, chagua hivi vitatu bila kufikiria mara mbili.

Dalili za kurudi hospitali mbio

Rudi siku hiyo hiyo ukiona: damu haikomi baada ya kung'ata kitambaa kwa nguvu saa nzima, maumivu yanapanda siku ya tatu badala ya kushuka, homa, usaha, uvimbe unaozidi kukua baada ya siku ya tatu, au ganzi isiyoisha ulimini na mdomoni siku iliyofuata. Tundu kavu linatibika. Daktari analisafisha na kuweka dawa ndani, na nafuu mara nyingi inakuja upesi. Hakuna sababu ya kuvumilia chumbani ukisema litapita.

Lakini ukishindwa kumeza, kufungua mdomo kabisa, au kupumua vizuri, au uvimbe ukishuka chini ya taya kuelekea shingoni, hiyo ni dharura. Usisubiri kupambazuke. Mwamshe mwenzako wa chumbani, muende idara ya dharura usiku huo huo. Maambukizi ya jino yakishuka shingoni yanaweza kuziba njia ya hewa na kuua, na hakuna gesi ya kliniki itakayoyazuia hapo.

Kwa hiyo mwenye gego linalomsumbua wiki hii afanye mambo mawili kabla ya kutafuta bei ya ozoni. Kwanza, aende akapimwe na kupigwa picha ya taya ajue kama jino lina haja ya kutoka. Pili, apitie kwa Mangi anunue pakiti ya chumvi.